CRB ilianzia wapi, na ukishatolewa unakuwa nani mbele ya benki?

Kampeni zikianza kunukia, kuna ahadi ambazo hazikosi: bei ya unga, bei ya stima, na "tutawatoa CRB." Hiyo ya tatu hupigiwa makofi kuliko hata ya unga. Upande wa pili nao hujibu palepale kwamba mtu akikopa alipe, kulialia kuishe. Ukisikiliza pande zote mbili utadhani CRB ni daftari la wezi lililofungiwa kwenye droo ya mtu fulani Nairobi, na kazi iliyobaki ni kuamua kama serikali ijayo italichoma ama italitunza.

Uzi huu ni mrefu kidogo, vumilieni. Tutaangalia daftari hilo lilitoka wapi, limesitishwa ama kufutwa mara ngapi, kisha swali ambalo jukwaani haliulizwi: ukishatolewa, benki inakuona vipi? Sitataja mwanasiasa wala chama, kama kawaida ya ukurasa huu.

Tuanze mbali. Wakati wa mkoloni, sheria yenyewe ilimzuia Mwafrika kuwa na historia ya mkopo. Kulikuwa na sheria za kudhibiti mikopo kwa "wenyeji", ikiwemo ile ya 1948. Mfanyabiashara asiye Mwafrika akimkopesha Mwafrika zaidi ya shilingi 200 bila idhini ya afisa wa serikali, hangeweza kulidai deni hilo mahakamani. Walisema wanamlinda Mwafrika asizame kwenye madeni. Matokeo yake ni rahisi kuona: mwenye duka la jumla hakuwa na sababu ya kumpa mwenye kiduka cha kijijini mali kwa mkopo, kwa hivyo huyu wa kijijini hakupata nafasi ya kukopa, kulipa, na kujulikana kuwa analipa. Baada ya uhuru benki zikaendelea kuuliza vitu viwili, hatimiliki ya shamba na payslip. Kama huna vyote viwili, basi jina lako lilijulikana kwa chama na kwa mwenye duka la mtaani, ambaye alikuandika kwenye daftari lake kwa biro. Daftari hilo benki haikuwahi kulisoma.

Sasa ruka hadi miaka ya 1980 na 1990, maana CRB ilizaliwa huko. Rural Urban Credit Finance ilianguka 1984, Continental Bank na Union Bank zikafuata 1986, na 1998 Trust Bank ikafungwa pamoja na nyingine kadhaa. Ilipofika mwisho wa miaka ya 90, zaidi ya asilimia 30 ya mikopo yote katika benki za Kenya ilikuwa haijalipwa ipasavyo. Na hiyo haikuwa mikopo ya mama mboga. Mama mboga hakuwa na njia hata ya kupita mlango wa benki. Ilikuwa mikopo ya wakurugenzi wanaojikopesha pesa za wateja wao, ya kampuni zenye majina matatu kwa mwenye mmoja, na ile mikopo iliyotoka baada ya mkubwa kupiga simu. (Kumbe hata wakati huo tulikuwa na mikopo ya simu, ila simu ilipigwa na mtu mwingine.) Mtu alikuwa anakopa benki hii, anakataa kulipa, anavuka barabara na kukopa benki ile nyingine, kwa sababu benki hazikuambiana chochote. Siri ya mteja ilikuwa ngao ya mdaiwa mkubwa.

Dawa iliyotafutwa ilikuwa ni kuzilazimisha benki ziambiane. Sheria ya Benki ikarekebishwa 2006, kanuni zikachapishwa 2008 na kuanza kutumika Februari 2009. Ofisi ya kwanza ya kuhifadhi taarifa za wakopaji ikapata leseni 2010. Hiyo ndiyo leo inaitwa TransUnion. Metropol ikafuata 2011, na Creditinfo 2015. Kwa hivyo yule anayesema "CRB ya serikali" anakosea kidogo. Ni kampuni za kibinafsi tatu, zenye leseni ya Benki Kuu, na kila moja ina faili yake. Rais hana droo. Anachoweza kufanya ni kuisukuma Benki Kuu ibadilishe kanuni, au kupeleka mswada Bungeni.

Kuna kosa moja la mwanzo ambalo naona limetugharimu sana. Kanuni za kwanza zililazimisha taarifa mbaya tu. Umeshindwa kulipa? Unaandikwa. Umelipa miaka kumi bila kukosa hata mwezi mmoja? Hakuna aliyelazimishwa kukuandika. Taarifa nzuri zililetwa na kanuni za 2013, zikaanza kufanya kazi 2014, lakini kufikia hapo masikio yetu yalikuwa yameshazoea neno CRB kwa maana moja. Hata leo mtu akisema "niko CRB" anamaanisha ameharibikiwa. Ukweli ni kwamba kila mtu aliyewahi kukopa benki, ama kuchukua M-Shwari mara moja, yuko CRB, hata kama alilipa kabla ya siku. Swali ni faili lake linasema nini.

Halafu ikaja simu. M-Shwari ilizinduliwa Novemba 2012, KCB M-Pesa 2015, Fuliza Januari 2019, na katikati apu za mikopo zikamiminika kama mvua ya masika. Mtambo uliojengwa kuwanasa wakubwa wa miaka ya 90 ukaunganishwa na watu wanaokopa soo tano ya kununua kuku wa kupasua Jumamosi. Sheria haikutofautisha. Deni likipita siku 90 bila kulipwa ni deni bovu, liwe la milioni 50 la jengo Upper Hill ama la shilingi 300 la apu.

Bei ya mikopo hii nayo tuiseme, maana wale wa "kopa ulipe" huirukia. M-Shwari ilianza na ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Ukiukopa tena na tena mwaka mzima, unakaribia asilimia 90. Kumbuka pia kwamba kati ya Septemba 2016 na Novemba 2019 tulikuwa na sheria ya kuweka kikomo cha riba za benki, pointi nne juu ya kiwango cha Benki Kuu. Ilipitishwa kwa shangwe. Benki zikaona hazina faida kumkopesha mtu mdogo asiye na dhamana kwa bei hiyo, zikamwacha, naye akaenda kwa apu, ambazo sheria hiyo haikuzigusa. Wanasiasa walewale walioshangilia kikomo hicho ndio walirudi miaka miwili baadaye kulia kwamba vijana wamejaa CRB. Mambo haya mawili yana uhusiano, lakini sijasikia mdahalo hata mmoja wa runinga ukiyaweka meza moja.

Utafiti wa MicroSave Consulting uliotolewa 2019 uliangalia mikopo ya kidijitali ya 2016 hadi 2018. Ulikuta Wakenya takriban milioni 2.2 wana mikopo ya aina hiyo wasiyoilipa, na karibu nusu yao walidaiwa chini ya dola 10. Yaani kama thao moja ya wakati huo. Hapo ndipo CRB ilipogeuka kuwa suala la kura. Mtu mmoja wa miaka ya 90 aliyekwenda na mamilioni ya benki ana kura moja. Hawa wa thao moja ni kama milioni moja.

Ndiyo maana kati ya 2020 na 2022 orodha iliguswa mara tatu, na kila mara kwa namna tofauti.

Mara ya kwanza ni Aprili 2020, Korona imeingia. Benki Kuu ilisitisha kwa miezi sita kuorodheshwa kwa wale ambao mikopo yao iliharibika kuanzia Aprili hiyo. Kanuni mpya zikasema deni chini ya shilingi 1,000 lisipelekwe kabisa, na waliokuwa wameorodheshwa kwa kiasi hicho watolewe. Mkopeshaji wa apu asiyesimamiwa na mtu akafungiwa mlango wa CRB moja kwa moja. Wengi tulishangilia hilo la mwisho, na kwa haki, kwa sababu baadhi ya apu zilikuwa zinapigia simu hadi mashemeji wa mdaiwa. Lakini angalia upande wa pili wa shilingi hiyo: yule aliyekuwa analipa apu hizo vizuri pia alipoteza mahali pa kuonekana. Mlango uliofungwa ulikuwa wa taarifa zote.

Mara ya pili ni Oktoba 2021. Kwenye hotuba ya Sikukuu ya Mashujaa yalitoka maagizo kwamba mikopo isiyozidi milioni 5 isiorodheshwe kwa mwaka mmoja, na Benki Kuu ikayatekeleza kwa mikopo iliyoharibika kuanzia mwezi huo. Uchaguzi ulikuwa Agosti iliyofuata, hesabuni wenyewe miezi. Hapa deni halikufutwa. Riba iliendelea kukimbia, ila haikuandikwa. Muda ulipoisha, mwenye deni alilikuta deni lake limenona.

Mara ya tatu ni Novemba 2022, na hii ndiyo ilifikiriwa vizuri zaidi kati ya zote. Benki Kuu ilitangaza mpango wa kurekebisha rekodi za wakopaji wa simu. Benki husika zingepunguza angalau nusu ya deni bovu la mikopo ya simu iliyokuwa haijalipwa kufikia mwisho wa Oktoba, kisha zibadilishe hali ya mteja kutoka "halipi" hadi "analipa", naye apange kulipa nusu iliyobaki hadi 31 Mei 2023. Waliolengwa ni zaidi ya watu milioni 4.2. Madeni yao yote pamoja yalikuwa kama shilingi bilioni 30.

Tusimame hapo kidogo, hesabu hii ni tamu. Mikopo yote ya benki za Kenya wakati huo ilikuwa trilioni 3.6. Bilioni 30 ni kama asilimia 0.8 ya hiyo. Gawanya bilioni 30 kwa watu milioni 4.2, unapata kama shilingi 7,100 kwa kila mmoja. Na wakati huohuo mikopo mibovu ya sekta nzima ilikuwa zaidi ya asilimia 13. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa kabisa ya pesa zilizokwama kwenye benki zetu iko mahali pengine, kwa wakopaji wakubwa, vilevile kama 1998. Ila majina yaliyojaa orodha ni ya wadogo. Mtu akikuambia CRB ndiyo inaokoa benki dhidi ya vijana wasiolipa, mwonyeshe hiyo 0.8.

Mtu akikuambia naye kwamba kufuta orodha kunakupa mkopo, mwonyeshe hili linalofuata.

Afisa wa mikopo akifungua faili yako anataka kujua kitu kimoja: huyu akipewa, atarudisha? Taarifa mbaya inamwambia pengine hapana. Ukiifuta, faili haimwambii ndiyo. Inanyamaza. Na faili iliyonyamaza kwa benki ni kama mgeni asiye na mwenyeji wa kumjua. Atakupa kidogo, kwa bei ya juu, ama atakuomba hatimiliki, na tumerudi palepale pa baada ya uhuru. Ndiyo maana ule mpango wa 2022 naupa alama kuliko hii mingine miwili. Ulimwachia mtu kitu cha kulipa. Nusu iliyobaki ilikuwa nafasi ya kuandika mstari mpya mzuri juu ya ule mbaya. Kwenye majukwaa lakini ulitangazwa kama msamaha, "mmetolewa CRB," na aliyeelewa hivyo hakuona sababu ya kulipa hiyo nusu.

Hapa nitavuka bahari kidogo, kwa sababu ushauri mwingi wa kujenga upya jina la mkopo unaozunguka mitandaoni kwetu umetoka Marekani, na wengi wanaurudia bila kujua umesimama juu ya nini.

Wamarekani walianza biashara hii ya kuandika tabia za wadaiwa 1841, pale Lewis Tappan alipofungua ofisi New York baada ya mtikisiko wa kiuchumi wa 1837 kumwachia madeni ya watu waliofilisika. Hiyo ilikuwa ya wafanyabiashara. Ya watu wa kawaida ilikua baadaye. Retail Credit Company ya Atlanta ilianzishwa 1899, na ndiyo Equifax ya leo. Kwa miaka mingi ilikusanya hata habari za nyumbani za watu, pombe, ndoa, majirani wanasema nini. Malalamiko yakazaa sheria ya 1970 iliyompa raia haki ya kujua faili lake linasema nini na kupinga makosa. Alama moja ya FICO tunayoisikia ilikuja 1989. Taarifa mbaya nyingi hukaa miaka saba, na hakuna rais anayeweza kusimama uwanjani akazifuta.

Sasa Mmarekani aliyeharibikiwa hufanya nini kwa miaka hiyo saba? Wengi huchukua kadi ya mkopo yenye amana. Unaipelekea benki dola 200 zako mwenyewe, inazishikilia, inakupa kadi yenye limiti ya dola 200. Unanunua mafuta ya gari ya dola 30, mwisho wa mwezi unalipa zote. Benki haijahatarisha chochote, maana ina amana yako. Lakini kila mwezi inaandika kwenye faili lako: amelipa kwa wakati. Katika alama ya FICO, historia ya malipo ina uzito wa asilimia 35, na kiasi unachodaiwa, ikiwemo umetumia sehemu gani ya limiti yako, asilimia 30. Kwa hivyo kikadi kile cha dola 200, kikitumiwa kidogo na kulipwa chote, kinagusa zaidi ya nusu ya alama. Mistari mibaya bado ipo chini, ila inafunikwa pole pole na mizuri.

Kwetu kadi nyingi zilizo mfukoni ni za ATM. Ukilipa nazo supamaketi unatoa pesa zako mwenyewe, kwa hivyo hakuna mkopo wa kuandikwa. Benki kadhaa hutoa kadi ya mkopo kwa dhamana ya pesa taslimu, lakini kuna ada, na usipolipa yote mwezi ukiisha riba yake si mchezo. Yule mtu wa shilingi 7,100 haiwezi kuwa njia yake ya kwanza. Kwake kadi ni simu. Mkopo mdogo wa benki kwa simu, uliochukuliwa kwa sababu ya kweli na kulipwa kabla ya siku, unaandika mstari uleule ambao kadi ya Marekani inaandika. Hazina ya Hustler iliyozinduliwa Novemba 2022 nayo iliahidi wazo linalofanana: mkopo wa kuanzia shilingi 500 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, asilimia 5 ya mkopo inawekwa akiba, na limiti inapanda ukilipa. Kama rekodi hiyo ya malipo mazuri inasomwa na benki nyingine, ni daraja. Kama inabaki ndani ya hazina yenyewe, umejenga jina kwa mkopeshaji mmoja tu, kama kwa yule mwenye duka na biro yake. Hilo ndilo swali la kumuuliza anayeitetea na anayeipinga, na ni gumu kuliko kurushiana idadi ya waliokopa.

Kwa wale ambao wako kwenye hali hii sasa hivi na DM yangu imejaa: una haki ya ripoti moja ya bure kila mwaka kutoka kwa kila ofisi, na cheti cha kwanza cha kuonyesha huna deni bovu nacho ni bure tangu 2020. Chukua zote tatu, kwa sababu faili hazifanani. Kabla ya kuorodheshwa ulipaswa kupewa notisi ya siku 30. Ukikuta deni usilolijua, lipinge kwa maandishi kwenye ofisi hiyo na kwa mkopeshaji. Ukilipa deni la kweli, mfuate mkopeshaji abadilishe taarifa, maana ofisi ya CRB haibadilishi kitu kwa maneno yako peke yako. Mstari mbaya utabaki miaka mitano tangu ulipomaliza kulipa, lakini utasomeka kuwa umelipwa, na kanuni zinasema benki isikunyime mkopo kwa sababu ya mstari huo peke yake. Na yule anayekuambia tuma 1,500 akusafishe CRB leo jioni, hana mlango wowote wa kuingilia kwenye faili hizo. Hiyo 1,500 ingelipa deni lenyewe kwa wengi wenu.

Swali la HELB nimeliona mara nyingi hapo chini. Ndiyo, HELB hupeleka majina CRB pia, na historia yake ni tofauti kabisa na ya mikopo ya simu. Nitaifanyia uzi wake wiki ijayo nikimaliza CAT.